Nyumba isiyokula umeme: amua kwanza yale usiyoweza kuyabadilisha

Mkuu nimelisoma swali lako vizuri. Unasema kiwanja mnacho, familia ya watu watano, bajeti ya kawaida, mnataka nyumba ambayo haitawanyonya kwenye umeme na gesi miaka yote mtakayokaa humo, na kila unayemuuliza ana jibu lake, huyu anasema weka sola, yule anasema vioo viwili viwili madirishani, mwingine anasema jenga ukuta mnene, na fundi wako anasema hayo yote mbwembwe tu. Sisi tulishapita hapohapo, mimi na mume wangu, tumejenga na tunaishi humo na watoto, sehemu yenye miezi ya joto kali na miezi ya baridi ya kulala na blanketi mbili, kwa hiyo tulilazimika kufikiria joto na baridi kwa pamoja. Ntaandika kirefu, vumilia.

Kitu kilichotutoa kwenye mabishano ni swali moja ambalo tulikuwa tunauliza kila jambo likija mezani: tukishahamia, hiki tunaweza kukibadilisha bila kubomoa? Kama haiwezekani, basi kinaamuliwa mwanzo kabisa, kinafikiriwa mpaka kiishe, na kinapewa hela kabla ya kingine chochote. Kama inawezekana, kisubiri. Taa utabadilisha jumamosi moja. Friji utabadilisha. Paneli za sola unaweza kuongeza hata miaka mitano baadaye. AC vilevile. Lakini upande ambao nyumba inaangalia huwezi kuja kuuzungusha, na mahali pa madirisha, umbo la jengo, paa limetokeza kiasi gani nje ya ukuta, kilichomo ndani ya ukuta na chini ya sakafu, hayo yakishamwagiwa zege yameisha. Sasa angalia watu wengi wanavyofanya, wanaanza na vifaa kwa sababu vifaa vina matangazo na vinaonekana, alafu ramani wanachukua yoyote waliyoipenda picha yake, wanaipachika kwenye kiwanja kwa kufuata barabara ilipo. Hapo umeshapoteza nusu ya mchezo kabla hata ya kuchimba msingi.

Kabla ya yote, ukubwa. Najua hakuna anayependa kusikia hili ila mita ya mraba ambayo hujaijenga haihitaji kupozwa, haihitaji kupashwa joto, haihitaji taa wala rangi. Tulikaa tukapitia ramani chumba kwa chumba tukijiuliza nani atakitumia na saa ngapi, sio kinaitwaje. Tukagundua sebule mbili zilikuwa zinafanya kazi moja na korido ilikuwa imekula eneo la chumba kizima bila faida. Tulivyopunguza, hela iliyobaki ndo ilikuja kununua paa zuri na madirisha mazuri, kwa hiyo usiione kama kujinyima, ni kuhamisha hela kutoka kwenye ukubwa kwenda kwenye ubora.

Na umbo. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita 100 za mraba na mzunguko wa ukuta mita 40. Nyumba ya mita 5 kwa 20 ina eneo lilelile, ila mzunguko ni mita 50, yaani robo zaidi ya ukuta wa kununua, kupiga plasta na kupitisha joto. Ukianza kuweka kona kona za urembo namba inazidi kupanda, na kila kona ni mahali pa maji kupenya na hewa kuvuja. Sehemu ya baridi umbo la kushikamana ndo zuri. Ila kama uko sehemu ya joto lenye unyevu ambako unategemea upepo, usiibane sana nyumba, umbo jembamba la vyumba vyenye madirisha pande mbili linapitisha hewa vizuri zaidi. Kuna kipimo wasanifu wanatumia, hewa inapita vizuri kama umbali kutoka dirisha la upande huu mpaka la upande ule hauzidi mara tano ya urefu wa kutoka sakafu mpaka dari, na chumba chenye dirisha upande mmoja tu kisizidi kama mara mbili na nusu. Kwa dari ya mita 2.8 hiyo ni mita 14 na mita 7. Vipimo vya kichwani tu, ila vinasaidia kukataa ramani mbovu mapema.

Sasa mwelekeo, na hapa naomba uchukue muda wako wote. Jua linachomoza mashariki linazama magharibi, asubuhi na jioni liko chini, na jua la chini ndilo linaloingia ndani mpaka ukutani upande wa pili. Kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzilinda kwa sababu jua likiwa upande huo mchana liko juu, kivuli kifupi kinatosha. Hesabu yake ni rahisi: jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, kivuli kilichotokeza sentimita 70 kinafunika dirisha lote la urefu wa mita 1.2. Jua hilohilo likishuka mpaka nyuzi 15 jioni, dirisha lilelile likiangalia magharibi linahitaji kivuli cha mita 4 na nusu, na hakuna mtu atajenga hicho. Ndo maana unaambiwa upande mrefu wa nyumba uangalie kaskazini na kusini, na pande fupi ziangalie mashariki na magharibi.

Walio karibu na ikweta wajue jua linahama, mwezi wa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini na mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini, kwa hiyo kivuli kinatakiwa pande zote mbili. Walio mbali kaskazini upande wao wa jua ni kusini, walio mbali kusini mwa dunia ni kaskazini. Mtu wa latitudo 40 kaskazini kwa mfano, mchana wa Juni jua linafika kama nyuzi 73 na Desemba kama nyuzi 26 tu, na hiyo tofauti ni zawadi, maana paa lile lile linalokinga jua la kiangazi linaliacha liingie wakati wa baridi bila wewe kugusa kitu. Hamna mashine, hamna bili.

Nenda kiwanjani na dira, asubuhi, mchana na jioni, uone vivuli vya miti na nyumba za jirani vinaangukia wapi na upepo unatoka wapi. Hiki kitu ni bure na mchora ramani wengi hawakifanyi kwa niaba yako, wanachorea ofisini.

Kwetu mvutano mkubwa ulikuwa hapa. Upande wa magharibi ndiko kuna mandhari, unaona mbali sana mpaka milima, na mume wangu alitaka ukuta mzima uwe kioo, tukae sebuleni tuangalie jua likizama. Namuelewa, hata mimi nilipenda. Lakini nilimuwekea hesabu mezani: jua la alasiri linaloupiga ukuta wa magharibi hewa ikiwa safi linaweza kufika wati 700 hivi kwa kila mita ya mraba, na kioo cha kawaida kinapitisha zaidi ya robo tatu ya hilo, kwa hiyo dirisha la mita 2 tu za mraba linakuingizia zaidi ya kilowati moja. Hiyo ni hita ya umeme umeiwasha saa kumi jioni mwezi wa joto. Ukuta mzima ni hita ngapi? Tukakubaliana hivi, upande huo tukaweka baraza pana lenye paa, na dirisha moja la wastani lililopangwa pale mtu anapokaa, lina shata ya mbao nje. Nasisitiza nje. Pazia la ndani linazuia mwanga usikuumize macho ila joto limeshapita kwenye kioo, limeshaingia, linabaki chumbani. Leo jioni tunakaa barazani, ndani kunabaki kupoa, na milima tunaiona vizuri kuliko ambavyo tungeiona kupitia kioo chenye vumbi.

Kuhusu vioo vyenyewe, swali lako la vioo viwili. Kioo kimoja kinapitisha joto kama wati 5.8 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Vioo viwili vya kawaida vyenye hewa katikati kama 2.8. Vioo viwili vyenye utando maalum usioonekana na gesi ya argoni katikati vinashuka mpaka kama 1.1, na vitatu vinafika 0.8 au chini. Kwa hiyo sehemu ya baridi kali hiyo sio mbwembwe hata kidogo, nunua. Ila sehemu ya joto ambako tofauti ya ndani na nje ni nyuzi tano sita, kinachokuumiza ni miale ya jua moja kwa moja, na kivuli cha nje kwenye kioo kimoja kinashinda vioo viwili visivyo na kivuli. Hapo ndo unaona kwa nini kila mtu ana jibu lake, kila mmoja anajibu kwa hali ya hewa ya kwake. Na usisahau fremu, alumini tupu inapitisha joto vibaya sana, iwe na kipande kisichopitisha joto katikati yake au chukua mbao au plastiki ngumu.

Paa. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nakuambia bila kusita weka kwenye paa na dari. Nyumba isiyo na ghorofa paa ndilo linalopigwa na jua kutwa nzima, na mchana hewa ikiwa safi jua linashusha karibu kilowati moja kwa kila mita ya mraba. Rangi kwanza: paa jeusi linameza karibu asilimia 90 ya hiyo, jeupe safi linaweza kumeza asilimia 20 mpaka 30. Tofauti hiyo mara nyingi haikugharimu chochote, ni kuchagua tu rangi dukani. Watoto walitaka paa la bluu iliyokolea, tukawapa milango wachague rangi.

Alafu ukishamaliza rangi, weka kizuia joto juu ya dari, sufi ya madini (nyuzinyuzi laini kama pamba) au ya mbao au chochote kinachopatikana kwenu, na kiwe kimejaa bila mapengo. Kipengo kidogo tu kinaharibu kazi, na taa za kuzamisha kwenye dari ni adui hapa, kila moja ni tundu. Sisi tulikataa taa za kuzamisha nyumba nzima kwa sababu hiyo, fundi umeme akalalamika eti nyumba itaonekana ya kizamani, tukamwambia sawa iwe hivyo.

Kuhusu ile foili ya alumini inayong'aa watu wanayoweka chini ya bati, inafanya kazi kweli ila kwa sharti moja: lazima upande wake unaong'aa uangalie nafasi ya hewa, angalau sentimita 2. Inafanya kazi kwa kurudisha miale, na kwa kutotoa miale yenyewe. Ukiibana katikati ya bati na ubao ikagusana na vyote viwili, alumini ni chuma kinachopitisha joto kuliko karibu kila kitu kilichoko hapo site, utakuwa umenunua mapambo yasiyoonekana. Mafundi wengi wanaibana kwa sababu ni rahisi kupigilia hivyo. Simama pale uone kwa macho yako.

Ukuta sasa, maana umeuliza kuhusu unene. Hapa watu wanachanganya vitu viwili, kuzuia joto na kutunza joto. Zege nzito inapitisha joto kwa kiwango kama 1.75, stairofomu, yale mapovu meupe mepesi wanayofungashia TV, kama 0.035 (ni wati kwa mita kwa nyuzi, ila usijali vizio). Maana yake sentimita 5 za stairofomu zinazuia joto sawa na ukuta wa zege wenye unene wa mita 2 na nusu. Kwa hiyo kuongeza unene wa zege ili kuzuia joto ni kazi bure, hela nyingi na saruji nyingi, na saruji peke yake inachangia kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa yote inayotolewa na binadamu duniani, hilo nalo tulilizingatia.

Ila ukuta mzito una kazi nyingine, unachelewesha. Ukuta wa tofali wa sentimita 20 hadi 25 unachukua kama saa 6 mpaka 8 joto la nje kufika ndani. Kama kwenu mchana ni joto na usiku kunapoa sana, hiyo ni nzuri mno, usiku unafungua madirisha ukuta unapoa, kesho unakutunzia ubaridi. Kama kwenu usiku hakupoi, ukuta wa magharibi uliopigwa na jua saa kumi jioni utakuja kukumwagia lile joto chumbani saa nne tano usiku, muda ambao unataka kulala. Huko ukuta mwepesi wenye kivuli ndo bora. Sisi usiku kunapoa, tukachagua tofali ndani na kizuia joto nje yake, alafu plasta. Kizuia joto kikiwa nje, ule uzito wote wa ukuta unabaki upande wa ndani unafanya kazi kwa ajili yako. Kikiwa ndani, uzito unabaki nje na jua, umeutupa. Na vyumba vya kulala tukavipeleka mashariki, magharibi tukaweka stoo, bafu na ngazi, vitu visivyojali joto la jioni.

Kitu kingine ambacho hakiwezi kurekebishwa baadaye ni slabu inayotoka ndani ikapitiliza mpaka nje kuwa balkoni. Zege ile ni njia ya joto moja kwa moja, wakati wa baridi inatoa joto la ndani nje saa zote, na kwenye kona ya dari kunatoka ukungu mweusi ambao utapaka rangi kila mwaka na utarudi. Injinia alishachora hivyo. Tukamuomba balkoni isimame kwenye nguzo zake yenyewe, iguse nyumba tu bila kuungana na slabu. Alikubali, na kwa hesabu yake mwenyewe hapakuwa na ugumu wowote, ni vile hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Sakafu napita haraka. Sehemu ya baridi weka kizuia joto chini ya slabu na pembezoni mwa msingi, ukishamwaga zege hamna kurudi. Sehemu ya joto iache sakafu iguse ardhi, udongo uko baridi kuliko hewa ya mchana, unakusaidia.

Hewa kuvuja. Hili fundi wako ataliita mbwembwe kuliko yote, na kwa sehemu moja yuko sahihi: kama unaishi sehemu ya joto na unyevu, madirisha wazi mwaka mzima na feni juu, kuziba nyufa hakuna maana, shughulika na kivuli na upepo. Feni ya dari inakula wati 50 mpaka 75, na upepo wa mita moja kwa sekunde unamfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka nyuzi tatu hivi. Lakini chumba chochote utakachokipoza kwa AC au kukipasha joto, kizibe. Ukipoza hewa alafu ikatokea chini ya mlango, unapoza dunia. Wajerumani ndo waliolipeleka hili mbali zaidi, mwaka 1991 mwanafizikia Wolfgang Feist na familia nyingine walihamia kwenye nyumba zao mjini Darmstadt, zilizotokana na mawazo aliyoyafanyia kazi pamoja na Bo Adamson wa Sweden, na viwango vilivyotokana na kazi ile vinataka nyumba isitumie zaidi ya kilowati-saa 15 (kilowati-saa moja ndo uniti moja ya umeme) kwa mita ya mraba kwa mwaka kwa kupasha joto, na hewa isivuje zaidi ya mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa ikipimwa kwa mgandamizo wa paskali 50 (paskali ni kizio tu cha mgandamizo). Sisi hatukulenga huko, ila kipimo tulikifanya, wanafunga feni kubwa mlangoni inavuta hewa alafu unazunguka na moshi wa udi unaona unapoyumba. Kifanye kabla ya plasta ya mwisho na dari kufungwa, wakati nyufa bado zinafikika. Kama kwenu hamna mtu wa kupima, feni ya kawaida dirishani siku ya upepo na udi vitakuonyesha mengi.

Ukishaziba, hewa safi lazima uipangie njia, hili sio la hiari. Familia ya watu wanne kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo wanatoa lita kama 10 za maji hewani kwa siku, na hewa ya nyuzi 20 inabeba karibu gramu 17 za mvuke kwa mita ya ujazo wakati ya nyuzi 10 inabeba kama 9 tu, kwa hiyo mvuke ukigusa ukuta baridi unageuka maji. Feni ya kutolea nje jikoni na bafuni, inayotoa nje kweli, sio inayozungusha moshi ndani ya chujio na kuurudisha. Na tafadhali, nyumba iliyozibwa vizuri usiwashe ndani mkaa wala jiko la gesi lisilo na njia ya hewa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Weka kile kifaa kinachopiga kengele kikiigundua, ni kitu kidogo.

Maji ya moto watu wanayasahau wakati wa kuchora. Kupasha lita 100 kwa nyuzi 30 kunakula kilowati-saa 3.5, hiyo huikwepi, ni fizikia. Unachoweza kukwepa ni maji yanayobaki kwenye bomba. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20 linabeba lita 0.3 kila mita, kwa hiyo bafu likiwa mita 15 kutoka kwenye hita, kila mtu akioga anamwaga karibu lita 5 akisubiri yapate moto, na yale ya moto yanapoa bombani baada yake. Sisi tuliweka bafu zote mbili, jiko na sehemu ya kufulia kwenye ukuta mmoja wa katikati, hita imekaa pale pale. Ilipunguza na mabomba ya kununua. Mabomba ya moto yavishe, hata yale yanayopita ndani ya ukuta.

Kuhusu kuelewana na mafundi, maana hapa ndo maamuzi mazuri yanapofia. Tulikuwa na daftari, kila uamuzi tunaandika na SABABU yake. Sababu ni muhimu kuliko uamuzi wenyewe, kwa sababu utapigiwa simu saa tatu asubuhi uko kazini, "sufi ya unene ule hamna, niweke hii nyembamba?", na kama hukumbuki kwa nini ulitaka ule unene utasema weka tu. Daftari likikuambia sababu unajua hapa unaweza kulegeza na hapa kazi isimame. Tulikubaliana pia kwamba jambo lililoandikwa halifunguliwi tena mpaka tuwe wote wawili tumekaa, hakuna mmoja kubadilisha site peke yake kwa sababu kapita kwa mtu kaona kitu kizuri. Na chochote kitakachofunikwa kipige picha kabla hakijafunikwa, futi ya kupimia ionekane kwenye picha, mabomba, nyaya, kizuia joto. Kontrakta mmoja tuliyeanza naye alifunika sehemu ya dari bila sufi akasema ipo. Tulimuomba picha, hakuwa nayo, dari ikafunguliwa na sufi haikuwepo. Tangu hapo malipo ya kila hatua yalikuwa yanasubiri picha, na kazi ilinyooka.

Mkikwama kwenye bajeti, kata vya kubadilishika. Sisi tulihamia na makabati ya jikoni ya muda, sakafu ya saruji iliyosuguliwa badala ya vigae, na bila geti la maana. Mama yangu alipokuja alisikitika tumehamia nyumba haijaisha. Vigae vimekuja baadaye, kabati zimekuja baadaye, na dari haijawahi kuguswa tena.

AC usinunue kwa ukubwa wa chumba peke yake kama wanavyokuambia dukani, fanya hesabu baada ya kujua kivuli na paa lako likoje. AC kubwa kupita kiasi inashusha joto haraka inazima kabla haijakausha unyevu, unabaki na chumba cha baridi chenye majimaji. Na ujue AC nzuri inayoweza kugeuza kazi ikapasha joto pia, kwa kila kilowati ya umeme inahamisha kilowati tatu mpaka nne za joto, kwa hiyo kama kuna miezi ya baridi itumie hiyohiyo kupasha, ni nafuu kuliko hita ya koili.

Sola sasa, uliyoiuliza kwanza na mimi naiweka mwisho makusudi. Unachotakiwa kufanya sasa hivi ni maandalizi tu: upande mmoja wa paa uliokaa vizuri kwa jua uwe mtupu, usiweke tenki wala bomba la moshi wala kitu cha kuleta kivuli hapo, kenchi ziweze kubeba uzito, na mabomba matupu ya kupitishia nyaya yatoke darini mpaka sehemu ya mita na nafasi ukutani ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na betri, pasipopigwa jua. Alafu hamieni, mkae mwaka mzima mkisoma mita kila mwezi na kuandika. Ndo ununue, kwa kipimo cha matumizi yenu halisi, sio ya kukisia. Nyumba ikiwa imejengwa vizuri utashangaa mfumo unaohitaji ni mdogo kiasi gani, na aliyekuwa anataka kukuuzia paneli kabla ya msingi alikuwa anakupigia hesabu ya nyumba mbaya. Siku ya kufunga ziachie nafasi ya hewa chini yake, paneli ikipata joto juu ya nyuzi 25 inapoteza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi.

Umesema mchora ramani anakuletea mchoro wa kwanza wiki ijayo. Ukiupata uweke hapa tuuangalie, uonyeshe kaskazini iko wapi, upepo wenu unatoka upande gani, na usiku kwenu joto linashuka mpaka ngapi miezi ya joto. Na kama slabu ya balkoni imepitiliza mpaka nje, usisaini kwanza.